Uanagenzi mchana, shahada ya uhandisi jioni: mwongozo kwa vijana wa Unguja na Pemba

Kila yanapofunguliwa maombi ya vyuo, maswali huwa yale yale. "Kaka, nimepata nafasi ya uanagenzi kwenye kampuni ya umeme na chuo pia wamenichukua, niache kipi?" Mwengine ameajiriwa ufundi Wete na anataka digrii ya ujenzi. Wa tatu ameshaanza vyote viwili, ana sapu (mitihani ya marudio) tatu, na mkubwa wake wa kazi hajui kwamba anasoma. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika kwa wote.

Mwongozo huu ni wako ikiwa una kazi ya kiufundi, au unakaribia kuipata: umeme, maji, ujenzi, makenika, viyoyozi, mitambo ya hoteli. Na unataka shahada ya uhandisi bila kuiacha kazi hiyo. Mifano yangu mingi ni ya umeme kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi. Wa fani nyengine utabadilisha mwenyewe.

Jambo moja ulijue mapema. Uingereza wana mpango rasmi wa namna hii tangu 2015: kijana anaajiriwa, anapelekwa chuo kikuu, ada haimhusu, na saa za masomo zimo ndani ya saa za kazi. Ukisoma habari zake mtandaoni usidhani ukifika vyuoni Mbweni au Tunguu utakuta dirisha lake. Huku kwetu uanagenzi upo, vyuo vipo, lakini kuviunganisha ni kazi yako. Ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini nimeiandika kwa urefu kuliko nyengine. Wengi wanaoshindwa wana akili za kutosha, ila waliingia bila makubaliano ya saa.

Uwe navyo kabla hujaanza

- Vyeti vya kidato cha nne, na cha sita au diploma kama unazo. Asili na nakala zilizothibitishwa.
- Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Hakikisha jina limeandikwa namna moja kila mahali. "Khamis" kwenye cheti kimoja na "Hamis" kwenye chengine litakusumbua mpaka siku ya mahafali.
- Mkataba wa kazi au wa uanagenzi uliotiwa saini. Kama huna, simamia hilo kwanza.
- Laptopu inayoweza kufungua AutoCAD, programu ya kuchorea michoro ya uhandisi, bila kuganda. Si lazima iwe mpya.
- Kalkuleta ya kisayansi ya aina inayoruhusiwa kwenye mitihani ya chuo chako.
- Madaftari mawili magumu yenye kurasa zenye namba. Utaona kazi yake hatua ya tano.
- Akiba ya ada ya muhula mmoja. Kuanza na nusu ya ada ukisubiri mshahara uje uongeze ni kuanza na deni.
- Mtu mmoja nyumbani anayejua ratiba yako na atakayekutetea ukikosekana kwenye shughuli.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya saa

Kaa na kalamu. Katika mfumo wa vyuo vyetu krediti moja ni saa kumi za kujifunza, na humo mna darasa, maabara, kusoma mwenyewe, asainmenti na mtihani. Mwaka mmoja wa masomo ya kawaida ni krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Zigawe kwa mihula miwili ya wiki kumi na tano: saa 40 kwa wiki. Yaani mwanafunzi wa kawaida naye ana kazi ya kutwa, tena yako wewe hujaihesabu.

Wiki ina saa 168. Ukilala saa saba kila siku zimekwenda 49. Kazi ya kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, siku tano, ni saa 40. Masomo 40. Zinabaki 39, karibu saa tano na nusu kwa siku, za daladala, chakula, sala, kufua na watu wa nyumbani. Inabana lakini inawezekana. Sasa chukua kijana wa saiti binafsi, siku sita, saa tisa kwa siku. Kazi 54, masomo 40, usingizi 49. Zinabaki 25, na hapo hajaenda maziko wala harusi hata moja. Huyo akibeba mzigo kamili wa masomo atapunguza usingizi, na mtu asiyelala hafai kupanda nguzo.

Kwa hiyo swali la kwanza kuliuliza chuo ni hili: ninaweza kuchukua masomo machache kwa muhula na kumaliza kwa miaka mingi zaidi? La pili: kozi hii ina vipindi vya jioni au vya mwisho wa wiki? Jibu liwe la ofisi ya usajili au mkuu wa idara. Maneno ya rafiki yako wa mwaka wa pili hayatoshi, kwani ratiba hubadilika.

Hatua ya 2: Jua unaingilia mlango gani

Hapa Unguja anza kuuliza sehemu mbili: Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, KIST, pale Mbweni, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, Tunguu. Bara zipo DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) na chuo kikuu cha Dar es Salaam, ila usijidanganye kwamba boti ni saa mbili tu. Nauli ya kwenda na kurudi kila wiki, ongeza na kulala, ni ada nyengine kabisa.

Ngazi za elimu ya ufundi zinakwenda kwa namba. NTA 4 na 5 ni cheti, 6 ni diploma ya kawaida, 7 ni diploma ya juu, 8 ni shahada. Kwa vyuo vikuu vilivyo chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mwenye diploma anatakiwa awe na wastani wa GPA 3.0 na ufaulu wa angalau masomo manne kidato cha nne. Baadhi ya kozi zinadai zaidi ya hapo, hasa hesabati na fizikia, kwa hiyo soma masharti ya kozi yako kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huo.

Maoni yangu, na najua wapo wasioyapenda: kama umemaliza kidato cha nne na mkono wako ni mwepesi kazini, pita njia ya diploma. Utaingia kwenye shahada ukiwa na miaka mitatu ya kushika vyuma, na masomo kama mashine za umeme au miundo utayaona ni jina jipya la kitu unachokijua.

Walio Pemba, nyinyi nitawaambia wazi. Kazi Chake na darasa Mbweni kwa kuvuka kila wiki hakuna atakayedumu nayo, na msimu wa kusi bahari yenyewe itakukatalia. Chukua moja kati ya mawili. Jenga ngazi za chini hukohuko, kwa kuanzia vituo vya mafunzo ya amali vya Vitongoji na Daya, uongeze uzoefu, halafu uhamie Unguja ukiwa tayari kwa shahada. Au kama taasisi yako ina ofisi pande zote mbili, omba uhamisho kabla ya kuomba chuo. Ukiombwa barua ya chuo kwanza, omba uhamisho wa masharti. Wakubwa wengi wa kazi wanalielewa hilo.

Hatua ya 3: Zungumza na mkubwa wako, kisha muandikishane

Usianze kusoma kwa kificho. Najua kwa nini vijana wanaficha: wanaogopa kuambiwa "hapa tunataka kazi". Lakini kazi ya ufundi haina siri. Siku utakayotoka saa tisa na robo mfululizo, au utakayokutwa unasinzia karakana, atajua, na atakuwa amejulia ubaya.

Nenda kwa utaratibu. Muone kwanza fundi mkuu au msimamizi wako wa karibu, kwa sababu ndiye atakayebaki na pengo ukiondoka mapema. Akikubali yeye, mkubwa wa juu huwa mwepesi. Akirukwa, atakukwamisha kwa mambo madogo madogo usiyoweza hata kuyashitakia. Nenda asubuhi kabla ya kazi kugawiwa, au baada ya chai. Usimuendee Alhamisi jioni wakati anatafuta watu wa zamu.

Usiende na ombi tupu. Nenda na ulichokipanga: siku zipi utatoka mapema, nani atashika nafasi yako, na wewe utalipa nini. Vinavyokubalika kwa urahisi ni kuchukua zamu za Jumamosi, kukaa tayari kwa dharura za usiku wiki zisizo na mitihani, na kuandika ripoti za kazi ambazo mafundi wengi hawapendi kuziandika. Hilo la mwisho lisemwe kwa sauti. Mwanagenzi anayeandika ripoti safi na kuchora mchoro wa kilichofungwa ana thamani kuliko anavyodhani.

Mkishakubaliana kwa mdomo, peleka barua siku hiyo hiyo. Iwe fupi. Mfano:

*Yah: Ombi la kupangiwa saa za masomo*

*Kufuatia mazungumzo yetu ya tarehe …, naomba kuthibitisha kwamba katika muhula wa Oktoba hadi Februari nitatoka kazini saa 9:00 alasiri siku za Jumatatu na Jumatano kwa ajili ya masomo. Saa hizo nitazifidia kwa zamu ya Jumamosi kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana. Kwa wiki mbili za mitihani naomba kutumia likizo yangu ya mwaka. Ratiba ya chuo nimeiambatanisha, na nitaleta mpya kila muhula unapoanza.*

Nakala moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, uiweke kwako. Mkubwa akihamishwa, na huhamishwa, barua hiyo ndiyo itakayomkaribisha mpya.

Angalia makosa matatu yanayojirudia hapa. La kwanza ni kuomba "ruhusa ya kusoma" bila kutaja siku na saa. Ruhusa isiyo na saa huondolewa siku ya kwanza kazi ikizidi. La pili ni kuahidi kupita kiasi, kila Jumamosi na kila usiku, kwa furaha ya kukubaliwa. La tatu ni kusaini mkataba wa kusomeshwa bila kusoma sehemu ya kutumikia. Mwajiri akikulipia ada ana haki ya kutaka ubaki naye kwa muda. Lakini ujue ni miaka mingapi, inaanza kuhesabiwa lini, na ukiondoka mapema utarejesha kiasi gani.

Hatua ya 4: Panga wiki kwa njia unazopita

Chora wiki yako pale ulipo. Anayefanya kazi Fumba na kusoma Tunguu anapita njia tofauti na anayetoka Mtoni kwenda Mbweni, na daladala za alasiri hazimsubiri mtu. Pima safari yako siku ya kazi, saa ile ile utakayoipita. Ukiipima Ijumaa mchana utajidanganya.

Vipindi vya jioni hukatwa na magharibi. Jua msikiti ulio karibu na darasa na dakika unazohitaji, maana wanaochelewa kurudi baada ya sala ndio wanaokosa mfano uliofanywa ubaoni. Chakula beba. Chipsi mayai za kila jioni ukizijumlisha kwa mwezi utakuta bando la mwezi mzima humo.

Ramadhani ipangie mapema. Hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kwa miaka hii inaangukia kati ya Januari na Machi, yaani mwisho wa muhula wa kwanza au mwanzo wa wa pili. Mitihani inaweza kukukuta umefunga. Wakati wa kusoma uliobaki ni baada ya daku au baada ya tarawehe. Chagua mmoja. Wanaojaribu yote miwili hawafiki kumi la mwisho.

Na weka usiku mmoja kwa wiki usio na kitabu. Wangu ni Alhamisi.

Hatua ya 5: Andika daftari la kazi kila siku

Chuo kitakupa logibuku ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ya wiki chache. Wewe anza yako siku ya kwanza ya kazi na usiache. Kila siku nusu ukurasa:

- mahali na kazi (andika eneo, jina la mteja liache);
- kilichokuwa kibovu na dalili zake;
- ulichopima, kwa namba na vipimo vyake;
- kilichofanyika, na nani aliamua;
- swali moja ulilobaki nalo.

Mstari wa mwisho ndio wenye mali. "Kwa nini breka inaruka saa mbili usiku tu?" "Kwa nini fundi alikataa kuunga alumini na shaba moja kwa moja?" Maswali ya aina hii ukiyapeleka darasani mwalimu huamka, na mengine yatakuwa mradi wako wa mwaka wa mwisho.

Andika siku ile ile, ukiwa garini ukirudi kama huna muda mwengine. Daftari lililojazwa mwisho wa mwezi kwa kukumbuka linajulikana: wino mmoja, mwandiko mmoja, kila siku "tulifanya matengenezo".

Hatua ya 6: Ifanye kazi ikusomeshe

Usipofanya hivi utakuwa na mizigo miwili. Ukifanya, saa moja ya kazi inahesabika pande zote mbili.

Chukua mfano. Hoteli ya mashariki ina pampu ya kisima, mota ya fezi tatu ya kilowati 7.5, na kebo imevutwa mita 150 kutoka kwenye boksi la breka. Mlalamiko: pampu ikiwaka taa za vyumba zinafifia, na mota imeshaungua mara moja. Fundi wa zamani atasema "waya mdogo", na kwa upande wa mota atakuwa sahihi. Wewe unayesoma uhandisi unatakiwa useme mdogo kiasi gani.

Mota hiyo kwa volti 400 huvuta karibu ampea 15. Kebo ya shaba ya milimita 4 za mraba, kwa fezi tatu, hupoteza karibu milivolti 9.5 kwa kila ampea kwa kila mita. Zidisha: 15 × 150 × 9.5 ni milivolti 21,375, yaani volti 21 na kitu. Hiyo ni zaidi ya asilimia 5 ya 400, kiwango ambacho wahandisi wengi hawataki kukivuka kwa mota. Weka kebo ya milimita 10, inayopoteza karibu 3.8: unapata volti 8.6, asilimia 2 na kidogo. Sasa angalia inapowaka. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mara sita au saba ya ampea zake za kawaida kwa sekunde chache. Kwa ile kebo nyembamba, zaidi ya robo ya volteji inapotelea njiani. Ndipo unapoelewa kwa nini mota inanguruma bila kuzunguka vizuri, inapata moto, na siku moja inaungua. Unaelewa pia kwa nini kubadilisha kebo peke yake huenda kusitoshe, ikabidi ubadilishe na namna ya kuiwasha.

Hesabu hiyo inachukua dakika kumi. Ndani yake mna somo la saketi, la mashine na la ufungaji wa umeme. Ipeleke kwa msimamizi wako ikiwa kwenye karatasi safi, kisha ipeleke chuo kama asainmenti, kwa ruhusa ya wote wawili.

Visiwa vyetu vimejaa maswali ya namna hii ambayo kitabu cha ng'ambo hakiyajibu. Ethi, ile fimbo ya kuunga umeme na ardhi, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kule Makunduchi na Paje, ni kazi ngumu: fimbo haiingii, na ikiingia usomaji bado uko juu. Chumvi ya hewa inakula viungo vya pwani. Kwa wa maji, kuna visima vinavyoanza kuvuta chumvi vikipigwa pampu sana. Kwa wa ujenzi, saruji na vyuma karibu na bahari. Wanafunzi wanaokaa mabwenini wanatafuta mada za mradi mitandaoni, nawe umezikanyaga tangu asubuhi.

Tahadhari: picha na michoro ya mteja ni mali yake. Ondoa majina na namba za majengo kabla ya kuipeleka kazi chuoni.

Hatua ya 7: Usalama, hasa siku za mitihani

Uchovu na umeme havikai pamoja. Wiki ya mitihani mwambie msimamizi akupe kazi za chini: kuandaa vifaa, kuchora, kuhesabu stoo. Hakuna aibu.

Siku zote zima, funga kwa kufuli, tundika kibao, kisha pima kabla ya kugusa. Hata testa yenyewe ijaribu kwanza kwenye umeme unaojua upo, kwani testa mbovu husema hakuna umeme kila mahali. Ukiwa mwanagenzi una haki ya kusema "sijafundishwa kazi hii". Akikulazimisha mtu, omba aandike. Mara nyingi haandiki, na kazi inasubiri anayeijua.

Hatua ya 8: Pesa

Kwa ufupi. Orodhesha ada, michango ya mitihani, nauli, bando, vitabu na uchapishaji wa ripoti. Muulize mhasibu wa chuo kuhusu kulipa kwa awamu, na upate tarehe kwa maandishi. Fika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar uulize kama aliyeajiriwa na kozi yako vinakubalika, kabla ya kuliweka bumu, yaani pesa ya mkopo, kwenye hesabu zako. Ukiwa mwajiriwa, angalia kama michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, inaingia kweli. Na usimkopeshe mtu siku ya mshahara mpaka ada imelipwa, hata akiwa ami yako.

Hatua ya 9: Mahudhurio, fildi na mradi

Vyuo vingi vinataka mahudhurio ya asilimia 75 ili uingie mtihani. Katika wiki 15, kipindi cha mara moja kwa wiki kinakuruhusu kukosa mara tatu tu. Zitunze kwa dharura za kweli: mgonjwa, msiba, hitilafu kubwa kazini. Ukizitumia Novemba, Januari huna kitu.

Kuhusu fildi, andika mapema kuomba ifanyike pale pale unapofanya kazi. Vyuo hukubali ikiwa kuna mhandisi wa kukusimamia na kazi ni ya ngazi ya masomo yako. Ukibeba nyaya tu hutapitishwa. Omba basi uhamishiwe kitengo chengine kwa wiki hizo, mfano usanifu au vipimo.

Ukishahitimu bado hujawa mhandisi aliyesajiliwa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Bara, ERB, ina mpango wake wa uanagenzi wa wahitimu uitwao SEAP, unaochukua miaka mitatu chini ya mhandisi msimamizi, na Zanzibar nayo ina bodi yake ya usajili wa wasanifu majengo, wahandisi na wakadiriaji majenzi. Waulize mapema ni kipi katika uzoefu wako kitahesabiwa. Daftari la hatua ya tano litakuwa na kazi tena hapa.

Mambo yakikwama

*Mkubwa alikubali, sasa anakataa.* Rudi na barua yenye muhuri, na uanze kwa kuuliza kazi imebadilika vipi. Pendekeza siku nyengine. Ikishindikana kabisa, punguza masomo muhula huo kabla ya tarehe ya mwisho ya kubadilisha usajili. Kuacha somo kwa taratibu hakukuharibii kama kufeli.

*Nina sapu mbili.* Zifanye kwanza na usiongeze masomo mapya juu yake. Tafuta karatasi zako za testi uone ulipoteza wapi. Kwa wanaofanya kazi, mara nyingi ni hesabati, kwani hiyo haisomwi garini. Ipe asubuhi mbili kwa wiki, saa moja kabla ya kazi. Ukiona unaelekea kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, muone mshauri wako wa masomo kabla ya matokeo ya bodi kutoka.

*Wenzangu kazini wananiita "injinia" kwa kejeli.* Beba ngazi, chemsha chai, uliza. Atakayekusaidia kusoma saiti ni fundi wa miaka ishirini ambaye hajaona kalkulasi, na akikasirika hutapata wa kumbadili.

*Darasani wanajua nadharia kuliko mimi.* Ni kweli, kwa mwaka wa kwanza. Anzisha kundi la watu wanne: wewe uwape maabara na saiti, wao wakupe hesabati.

*Intaneti inakatika na ninasoma kwa video.* Pakua usiku, weka kwenye fleshi, soma ukiwa kazini wakati wa mapumziko. Chapisha madokezo ya somo gumu zaidi. Karatasi haihitaji chaji umeme ukikatika.

*Nyumbani wanalalamika sionekani.* Bandika ratiba ukutani jikoni, na zile siku zako za kupumzika ziwe zao kweli. Mama akijua kwamba Alhamisi yako ni yake, Jumatatu hatakuuliza.

*Kazi imeisha na masomo hayajaisha.* Mikataba ya uanagenzi ina mwisho, kwa hiyo miezi mitatu kabla anza kuuliza: je, watakuajiri, na saa zako zitabaki? Wakikataa, chukua barua ya utambulisho na orodha ya kazi ulizofanya, iliyosainiwa na msimamizi, kabla siku ya mwisho haijafika. Baada ya hapo utamkuta yuko saiti Nungwi na hapokei simu.